Kioo cha Shaba na Kioo cha Mzungu

Miaka ile mie nilikuwa naosha picha. Chekeni tu. Wenzangu wakiosha vyombo vya arusi, wakiosha maiti, mie naosha picha. Kusoma sijui mpaka leo, herufi nikiziona naona sisimizi tu wanapita, lakini picha nimeziosha mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe imekunjana kama ya mtu aliyezama.

Studio ilikuwa mjini Chake, ya bwana na mkewe. Bwana katoka Unguja, anasemea puani, kila neno lake kalipiga pasi: "Tafadhali, usiguse hapo. Tafadhali, maji hayo hayatoshi." Mke ni Mwarabu wa hapa hapa Pemba, na sauti yake inatokea kooni kama mtu anatafuta mwiba wa samaki: "Khaa! Wewe bibi, hiyo dawa ya picha, unaimwaga kama unamwagilia mchicha!" Nyumbani nikifika nawaiga wote wawili, wanagombana peke yao katika mdomo wangu, na watu wanakaa chini kwa kicheko.

Bwana akipiga picha za wanaume. Bibi akipiga za wanawake, majumbani mwao, uani, milango imefungwa. Na sharti lao halikuvunjwa hata siku moja: picha ya wanawake mwanamme haioni. Anaipiga mwanamke, anaisafisha mwanamke, naiosha mie, na kukauka inakaukia chumba cha ndani, haitundikwi dukani. Bila ya hivyo hakuna mume Chake nzima angekubali mkewe asimame mbele ya sanduku lile. Siku ya kusafisha picha za wanawake, yule bwana anakaa nje ya mlango wa chumba cha kiza kama mtu anayesubiri mkewe azae, anauliza kupitia upenyo wa mlango, "Imetokaje? Tafadhali, imetokaje?"

Na alikuwa na sababu ya kuuliza, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na ugomvi wa vioo.

Nikwambieni mashine ile ilivyokuwa, maana bila ya hivyo hamtanifuata. Ni sanduku la bati limepandishwa juu ya nguzo ya mti. Ndani yake juu kuna taa, inawaka kwa betri la gari. Chini ya taa inawekwa filamu, imebanwa katika fremu yake, haisogei huku wala huku. Chini ya filamu kuna kioo kinene, duara, kama jicho la ng'ombe. Mwanga unapita katika filamu, unapita katika kile kioo, unaanguka juu ya karatasi mezani, na picha ndogo inakuwa kubwa. Kioo ndicho kila kitu. Kikiwa na uvivu, picha inakuwa na uvivu.

Kioo cha bibi kilikuwa cha shaba, cha marehemu babake, kizito, kimeingia manjano kama jino la mvuta tumbaku kwa buruma. Kioo cha bwana cheusi, kipya kuliko kile, kanunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Hakikuingia kwenye mashine, ikabidi kipelekwe kwa fundi wa koroboi, akakitengenezea shingo kwa mkebe wa maziwa. Bibi akakiita "kioo cha mkebe". Bwana akakiita kile cha shaba "marehemu".

Siku moja waliamua kushindanisha. Wakachukua picha ya ami yake bwana, mzee wa ndevu, wakaitoa mara mbili, mara kwa kile, mara kwa hichi. Kioo cha Mzungu kilimtoa mzee na kila kovu la ndui, na unywele mmoja mmoja, na nyuzi za kofia. Kioo cha shaba kikamtoa uso mororo kama bwana arusi, lakini pembeni ya picha kila kitu kimelala, kiti kimeyayuka, ukuta umekuwa uji. Bwana akasema, "Tafadhali, tazama pembeni. Pembeni ndipo anapojulikana fundi." Bibi akamjibu, "Mtu anatazamwa uso, hatazamwi pembeni. Babangu kapiga picha watu wazima, hakupiga picha pembeni!" Wakamwita ami mwenyewe achague. Akaitazama ile yenye makovu, akasema, "Huyu nani kaniroga?" Akaondoka na ile ya shaba, na bwana hakula mchana ule.

Basi hayo tukicheka. Sasa nakuja kwenye yasiyochekesha.

Nilikuwa na mke mwenza, mkubwa kwangu, mtu wa Kiuyu. Tukikaa Tibirinzi ua mmoja, mlango wake na mlango wangu inatazamana. Alikuwa hodari wa matusi na mkono wa kutoa, na Kipemba chake kile cha kule kwao ndicho nilichokipenda kukiiga kuliko sauti zote: "Ntu gani weye, asubuhi yote umelala ka papa mkavu!" Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyesimama, wengine wote walimfia tumboni. Mtoto wa kike, hajafika hata kuanza skuli. Sauti yake ya kukwaruza, kama chiriku kameza mchanga, na mgongoni kwangu ndiko kwake. Nikimtania mamake, yeye ananitania mie. Nikimwambia mtoto, "Wee bibi una meno ya sungura," ananijibu, "Na weye una meno ya marehemu."

Ikatokea arusi hapo mtaani. Bibi wa studio akaja na sanduku lake la miguu mitatu, akatupanga uani wanawake wote mstari mmoja mrefu, bibi arusi katikati, sisi tusio na dhahabu tukasukumwa pembeni. Yule mtoto kasimama mwisho kabisa wa mstari, karibu yangu, na gauni jipya la maua. Bibi akasema, "Tulieni kama mko kwenye sala! Atakayetikisika ataharibu arusi ya watu!" Tukatulia. Akahesabu, akafunika, kwisha. Nyumba ya arusi wakapewa picha yao ndogo, kila uso kama punje ya mtama.

Haukupita muda, surua ikaingia Tibirinzi. Sitaki kuieleza sana. Iliingia nyumba hii ikatoka nyumba ile. Mtoto wetu macho yaligandana, midomo ikapasuka, uso ukafura ukawa si uso wake. Mamake alikuwa akimtia maji mdomoni kwa pamba. Kafa asubuhi, jua limeshapanda, watu wanapita nje na vikapu vyao kwenda sokoni.

Na kuzikwa kwenyewe! Zilikuwa siku zile za siasa, nyie wengine mmezisikia tu. Watu hawauziani, hawaazimani moto, hawazikani. Mume wetu alikuwa fundi wa baiskeli na chama chake, na nusu ya mtaa wana chama chao. Basi nusu ya mtaa hawakuja. Walikaa barazani kwao wanatazama jeneza dogo linapita, na wachukuzi ni wachache mpaka mume wetu mwenyewe kabeba mbele hakupokewa. Mtoto yule alikuwa hata chama hajui kukitamka.

Baada ya hapo mke mwenzangu alinyamaza. Matusi yakaisha. Nikimtania, ananitazama kama ukuta. Mume wetu, ambaye hasemi neno mpaka akohoe kwanza, akakohoa, akasema, "Mwache. Subira itamjia." Nikamwacha. Subira haikuja.

Siku moja niko napepeta mchele, akaja akakaa mbele yangu.

"Weye waiga kila ntu," kasema. "N'igizie yeye."

"Nani?"

"Wanjua."

Nikamwambia sitaki, ni vibaya, mtoto kalala kwa Mola wake. Akanishika mkono, na ungo ukamwagika. "N'igizie!" Basi nikafanya. Nikasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Mama, na weye una meno ya marehemu." Ilitoka sawasawa, ilitoka mpaka mie mwenyewe nikaogopa. Mke mwenzangu akafumba macho, akakaa, akakaa, kisha akafumbua.

"Sauti yake ndo hiyo," kasema. "Lakini sura haiji. Nikifumba macho namwona vile alivyokuwa na surua. Ya nyuma yake imeniondoka. Miye mamake, sikumbuki uso wa ntoto wangu mzima!"

Wala hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Hapo ndipo nilipomwambia ile filamu ya arusi ipo, imo ndani ya kopo la biskuti kwa bibi, mtoto yumo, na mashine ya kukuza ipo. Akanitazama kama nimemwambia kuna njia ya kwenda kuzimu na kurudi.

Mume wetu akakataa. Kakohoa, kasema, "Ile nyumba si watu wa chama chetu." Kakohoa tena, "Na maiti hachezewi." Sisi tukamwambia ndiyo bwana, tumesikia. Akaenda kibandani kwake kuziba mipira ya baiskeli, sisi tukavaa mabuibui yetu tukenda mjini.

Bibi wa studio alitupokea mlangoni. Nami nilidhani atatuuliza chama, maana siku zile kila mtu akiuliza. Alimtazama mke mwenzangu kichwani mpaka miguuni, akasema, "Khaa, mwanamke, umekonda hivi! Ingia." Akamfukuza mumewe chumba cha kiza. "Tafadhali," bwana kasema, "na mie nina kazi." "Kazi yako ni kukaa nje."

Mke mwenzangu hakukubali kusubiri uani. Akaingia na sisi mle ndani, kandili imefungwa kitambaa chekundu, joto, harufu ya dawa inachoma pua. Kasimama pembeni ya beseni, mikono kaifumbata ndani ya buibui.

Bibi akatia kwanza kioo cha babake. Akawasha taa, akaizima, akaniwekea karatasi kwenye dawa. Mie nikaitikisa sinia pole pole. Nyie hamjapata kuona picha inavyokuja. Karatasi nyeupe tupu, kisha kinapita kivuli, kisha nyuso zinapanda kutoka chini ya maji kama watu wanaoamka. Bibi arusi kaja wa mwanzo, katikati, mzuri, wanja na kikuba cha asumini vyote vimetoka. Kisha mama zake. Kisha huku pembeni tukaanza kuja sie, tumeyayuka. Mie nimekuwa kama mshumaa uliosahauliwa juani. Na mwisho kabisa gauni la maua, na juu ya gauni ukungu.

"Simwoni," mke mwenzangu kasema.

"Kioo cha baba hichi, pembeni kinalala," bibi kasema. "Ngoja." Akakibana kile kioo, tundu lake la mwanga likawa dogo, akaiacha taa iwake zaidi, akatoa karatasi nyengine. Ikawa nafuu kidogo, lakini pembeni bado ni uji.

"Simwoni," kasema tena.

Bibi akakitazama kile kioo cha babake. Namjua, naijua ile shingo yake ya kiburi. Akafunika karatasi zake zisiingie mwanga, akafungua mlango kidogo.

"Nipe kioo chako," akamwambia mumewe.

"Tafadhali, sikusikia."

"Nipe kioo chako!"

"Kipi? Cha mkebe?"

"Bwana wee, nipe!"

Akampa, na huku anacheka puani. "Nilisema mie. Nilisema pembeni ndipo anapojulikana fundi." Bibi akambania mlango usoni.

Akakifunga kile kioo cheusi kwa shingo yake ya bati. Taa ikawaka. Hata pale pale juu ya meza, kabla ya karatasi, niliona tofauti, kila kitu kimekaa kikali kama kisu. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Mke mwenzangu akasogea mpaka pumzi yake nikaisikia juu ya mkono wangu.

Wakaja wote. Walikuja kwa pamoja, katikati na pembeni, hakuna aliyebaki nyuma. Nikajiona mie, na jino langu lililovunjika, na kiraka cha kanga. Nikaona hina miguuni mwa watu. Nikaona ukuta nyuma yetu na mjusi yupo ukutani. Na mwisho wa mstari ikaja miguu ya mtoto, vidole vyote, na vumbi la uani. Likaja gauni, ua moja moja. Ikaja mikono yake, kashika upindo wa gauni. Ikaja shingo.

Juu ya shingo moshi.

Nikaitikisa sinia. Bibi kasema, "Ngoja, itakuja." Tukangoja. Picha ikaanza kuwa nyeusi kwa kuzidi dawa, na moshi ukabaki moshi. Bibi akaitoa, akaitia kwenye dawa ya pili, akasogeza kandili karibu. Akainama.

"Si kioo," kasema, na mara hii sauti yake haikutoka kooni, ilitoka ndogo tu. "Kioo kimefanya kazi yake. Mtoto kageuza kichwa. Wakati nahesabu, kageuka. Filamu haikumshika."

"Basi tia kioo chengine," mke mwenzangu kasema.

"Hakuna kioo chengine. Hata ukileta cha mfalme. Uso haumo humo."

Mke mwenzangu akaweka kidole juu ya karatasi mbichi, pale kwenye moshi. Hatukumzuia.

"Nilimwita miye," kasema. "Nilikuwa upande wa pili. Nilimwona anachezea gauni, nikamwita kwa sauti ndogo, nikamwambia, tazama mbele."

Na nje ya mlango yule bwana, maskini, hajui lolote, anauliza, "Imetokaje? Tafadhali, kioo gani kimeshinda?"

"Chako!" bibi akamjibu. "Kimeshinda, kaa kimya!"

Nikaziosha mbili, ile ya pili ya shaba na ile ya Mzungu, katika maji matamu, kwa sababu maji ya kisima cha pale studio ni ya chumvi na yanaleta madoa. Nikazilaza juu ya kitambaa chumba cha ndani, ubavu kwa ubavu. Mchana sasa, dirisha lipo wazi, kila kitu kinaonekana. Ile ya Mzungu ilitisha. Wanawake wote wazima, wana macho, wana meno, wanapumua, na mwisho wa mstari mtoto mwenye gauni na miguu na hana kichwa ila moshi, kama mwenzao keshaondoka na wao hawajui. Nikafikiria wanawake wa mtaani kwetu wakiiona. Kulikuwa na wanaosema tangu mwanzo kuwa picha ndiyo iliyomla mtoto.

Bibi akaichukua ile, akataka kuifunga katika gazeti. "Hii ndiyo kazi safi," kasema. "Angalau gauni lake, na mikono. Chukua hii, mwanamke, sitaki kitu kwako."

"Hapana," mke mwenzangu kasema. "N'pe hiyo ya shaba."

"Hiyo mbovu! Pembeni wote hawajulikani!"

"Ndo naitaka. Hapo na wenzake wote hawaonekani. Kwenye hiyo nyengine yuko peke yake."

Bibi akaniangalia mie. Akaifunga ile ya babake, akampa. Ile nyengine akaichana vipande vipande, mbele yetu, kazi yote ile, na vipande akavitia katika ndoo ya dawa chafu. Mumewe hakupata kuiona. Hata wiki za baadaye alikuwa akinivizia kisimani: "Tafadhali, wewe ulikuwamo. Pembeni palikuwaje? Palikuwa pakali?" Namjibu, "Palikuwa pakali, bwana." Anaondoka kafurahi.

Jioni ile mume wetu aliiona. Mke mwenzangu hakuificha, kaiweka juu ya mkeka. Mume akakohoa, akatupa jicho la kuwa tumemkaidi, kisha akainama. Akatazama sana.

"Ndo yupi?"

"Huyo wa mwisho."

"Mbona haonekani?"

"Kwani hao wengine waonekana?"

Nilisikia kikohozi kinakuja, hakikuja. Akachukua kofia yake, akatoka.

Nilidhani, mie na akili zangu, kuwa yale yamemtuliza. Alianza kula. Alianza hata kunitukana kidogo, asubuhi moja akaniambia nanuka dawa kama spitali, na mie nikafurahi nikamwiga siku nzima. Picha kaiweka ndani ya sanduku lake chini ya kanga, na mara moja moja namkuta kaitoa, anaitazama kwa mbali, kaikunjua mikono kama mwenye kusoma.

Nilikuja kumuuliza baadaye sana, tuko pwani tunapiga makumbi ya nazi tupate nyuzi za kamba. Mikono imejaa matope, migongo inauma, nami nimechoka kunyamaza.

"Ukifumba macho sasa," nikamwambia, "unamwona vipi?"

Hakuinua kichwa.

"Ile ile ya surua," kasema. Akachukua kumbi jengine, akaliweka juu ya jiwe, akapiga.